Chumba cha Kusikilizwa

Watu walikuwa wengi mno. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona nilipofika matangani kwa Mwajuma, na sitajifanya kwamba nilianza na machozi. Kutoka barabara ya chini hadi mlangoni kwa kaka yake, pale mtaa wa Kadutu, ngazi zote za udongo zilikuwa zimejaa watu wameketi, na nusu yao walikuwa polisi: wastaafu wenye fimbo kama mimi, na vijana wa juzi waliokuja na sare zao, bereti mkononi. Nilihesabu. Mwanamke wa umri wangu, nimesimama msibani na miwani ya kusomea, nahesabu waombolezaji wa mtu mwingine na kujiuliza ni wangapi kati yao watakaopanda kilima siku yangu ikifika. Nilipofika arobaini na kitu niliacha, maana hesabu ilikuwa inaniharibia siku. Walikuwa wamemzika jana yake, kabla ya alasiri, kama desturi ya Waislamu ilivyo, kwa hiyo hata uso wake sikuuona. Ndani, upande wa wanawake, niliketishwa mkekani mbele ya sinia la pilau pamoja na wengine wanne, mmoja wao binti polisi mwenye cheo kipya begani. Aliniangalia nikila, kisha akauliza kwa adabu: "Maman, na weye alikusikilizaka?" Nikamjibu kwamba ndiyo, alinisikiliza mara moja. Haukuwa uongo. Nikachukua nyama iliyokuwa mbele yake.

Nataka kuusimulia mwaka ule mmoja tu. Habari za wazazi wangu na za kijiji chetu nimeziacha kando, hazina kosa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimemaliza shule ya ualimu kabla ya kuingia polisi, na nilikuwa karani wa kiposti kimoja cha Bagira ambacho sitakitaja jina, kwa sababu baadhi ya watu wake bado wako hai na hasira zao ni kama zangu. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinne iliyojengwa zamani kwa ajili ya familia moja. Sebule ilikuwa mapokezi, chumba cha kulala kilikuwa ofisi ya komanda, jiko lilikuwa mahabusu, na stoo ilikuwa na vitu vilivyokamatwa: baiskeli zisizo na magurudumu, madumu ya pombe ya ndizi, ile kasigisi, yaliyovimba mpaka tukaogopa kuyagusa, na godoro moja ambalo ndugu wawili walikuwa wakiligombania tangu kabla sijafika. Meza yangu ilikuwa kwenye ukumbi mwembamba, na kati yangu na stoo palikuwa na ukuta wa mbao. Hapo niliandika kila kitu cha posti, kwa Kifaransa chenye alama zake zote juu ya herufi. Hakuna aliyeandika kama mimi, na nilihakikisha kwamba hakuna anayelisahau hilo. Jumapili niliongoza kwaya. Kwa ufupi nilijiona mtu aliyekamilika, isipokuwa jambo moja dogo: usingizi ulikuwa umenikimbia.

Mwajuma alilala. Tulikuwa wanawake wawili tu pale, mimi na yeye, na kila siku ilinibidi nimwangalie akilala. Saa sita ikipita, akishatawadha kwa birika lake la plastiki na kuswali nyuma ya stoo, alikula bugali na vile visamaki vya sambaza, akanawa, akaegemea ukuta wa mapokezi na kufumba macho. Dakika kumi. Watu waliingia wakigombana, redio ya komanda ikapiga kelele, yeye mdomo wazi. Alipoamka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka safari akapokelewa vizuri. Alitoka Uvira, kwenye ukoo wa wafanyabiashara ambao mababu zao walikuja na vitambaa kutoka pwani, na nadhani nyumbani kwao hawakuelewa hata siku moja kwa nini binti yao alivaa sare. Shule yake ilikuwa ya msingi. Jina lake aliliandika kwa herufi kubwa, na ile J aliigeuza ikatazama kulia. Nilimwonea wivu kwa dakika zile kumi kuliko nilivyowahi kumwonea mtu kwa nguo, kwa nyumba au kwa mume.

Mvua zilipoanza, ndipo akaja omonie. Hivyo ndivyo tulivyomwita mtu wa dini anayetumwa kutunza roho za polisi, na huyu wetu alikuwa pasta mwembamba, mwenye koti moja la kahawia na tabia moja ya kuudhi: alikuuliza swali, ukajibu, naye akanyamaza tu mpaka ukaona aibu na kuongeza neno. Alimwambia komanda kwamba polisi anaokota maiti, anabeba vilio na matusi ya watu, kisha anarudi nyumbani na kuvitua mbele ya watoto wake wakati wa kula. Anahitaji mahali pengine pa kuvitua. Komanda alikubali kwa sababu haikuhitaji petroli. Pasta akaja kwenye meza yangu na kuniomba tangazo la kubandika mlangoni. Kwa Kifaransa alisema ni saa ya "écoute", ya kusikiliza, kila mercredi, yaani Jumatano, kwa yeyote atakaye. Nikalitafsiri kwa mwandiko wangu mzuri, herufi kubwa, kwa wino mwekundu: KILA MERCREDI POLISI WOTE WATASIKILIZWA.

Sasa, kwa raia wa kawaida kusikilizwa ni jambo jema. Kwa polisi ni jambo moja tu: unaitwa, unaketishwa, unaulizwa, na kila unachosema kinaandikwa kwenye ile karatasi tunayoiita pe-ve, ili kije kukuhukumu. Mimi mwenyewe niliyeandika sikuliona. Jumatano ya kwanza watu walifika wamenyoa ndevu, wamefunga mikanda ya kuazima. Mmoja alimleta mke wake awe shahidi. Bisimwa, askari mrefu wa cheo kidogo cha brigadia, kutoka milima ya Mwenga, mtoto wa wachimba dhahabu, ambaye mikono yake ilitetemeka asubuhi mpaka apate kasigisi, alikuja na kurasa tatu za utetezi kuhusu makosa ambayo hakuna aliyekuwa ameyagundua bado. Alizisoma kwa sauti mbele ya pasta, akihema, mpaka Mwajuma, aliyekuwa akipita na chupa yake ya chai ya tangawizi, akazichukua mkononi mwake, akazikunja bila kuziangalia, na kumrudishia. "Kaka, zitie mu mufuko," alimwambia. "Hapa hakuna mutu anakushitaki. Kunywa chai." Bisimwa akanywa chai. Mimi nilibaki nimeshika kalamu, maana nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Baada ya hapo pasta alisema anahitaji mtu wa ndani wa kumsaidia, mtu wa cheo kidogo ambaye wenzake hawatamwogopa, akae kwenye kile chumba hata siku yeye akiwa kwenye posti nyingine. Kila mtu alinitazama mimi. Nani mwingine? Mkristo, msomi, kiongozi wa kwaya. Alituita mmoja mmoja nyuma ya nyumba na kutuuliza swali lilelile: "Unipashe, benzako hapa biko na mizigo gani ku roho?" Nilijibu kama mtu anayefanya mtihani. Nilimweleza nani anakunywa, nani mke wake amerudi kwao, nani analia chooni, nani alimpiga mahabusu kisha akashindwa kula siku mbili. Aliponyamaza, niliongeza. Aliponyamaza tena, nilimtajia na majina ya mitaa. Kisha akaitwa Mwajuma, nami nikasogea karibu na dirisha, nasema wazi kwamba nilisogea. Nilimsikia pasta akiuliza, na nikamsikia yeye: "Pasta, beko pale inje bote. Ubaulize bo benyewe." Basi. Hakuna kingine. Pasta alinyamaza na yeye alinyamaza, wakakaa wananyamaziana pale kama watu wanaongojea maharagi yaive. Kesho yake pasta akatangaza kwamba msaidizi ni Mwajuma.

Nilikaa siku nzima nikirudia majibu yangu kichwani nitafute nilipokosea. Nilijibu maswali yote nikanyimwa kazi, na yule aliyekataa kujibu akapewa! Nilimwendea pasta mlangoni. "Pasta, ule ni Mwislamu," nilimwambia. "Bantu karibu bote hapa ni bakristo. Atabaombea namna gani?" Alivaa koti lake taratibu. "Sikumutafuta wa kuimba, maman," akasema, na akaenda zake kutafuta basi la mjini. Neno hilo la kuimba nililibeba moyoni mwaka mzima. Sijui kama alikusudia kuniumiza, lakini aliniumiza, na leo hii pasta huyo ni marehemu na bado sijamsamehe.

Wakaisafisha stoo. Godoro la wale ndugu wawili lilisimamishwa ukutani, madumu yakatolewa, vikawekwa viti viwili na pazia la kitenge cha Mwajuma mwenyewe. Sasa nifikirie mimi, nimekaa upande wa pili wa mbao zile kila Jumatano. Maneno sikuyasikia, kwa sababu watu walikuwa wananong'ona, nilisikia mvumo tu, na katikati ya mvumo, sauti ya Mwajuma: "Mm." Kimya. "Mm." Mara nyingine mwanamume mzima alilia, na sikumsikia Mwajuma akimtuliza, wala kumnukulia neno lolote la Mungu, la kwake au la kwetu. Nilijiambia kwamba kusema "mm" hata mbuzi anaweza. Lakini walitoka mle na mabega yameshuka. Nilipima muda wa kila mmoja kwa saa ya ukutani. Bisimwa alikuwa akichukua dakika arobaini, na kufikia Noeli mikono yake ilikuwa imetulia kiasi kwamba alijinyoa mwenyewe bila kujikata. Akawa anamletea Mwajuma sambaza waliokaangwa, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Mimi niliyemwandikia barua zake zote za kuomba likizo, bila kosa hata moja, sikuwahi kuletewa hata mkia. Saa ya kula walimsogezea kiti, wakacheka vitu ambavyo sikuvijua, na nilipofika na sahani yangu ya sombe ya majani ya muhogo mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Nikaanza kuamini kwamba wanacheka habari zangu. Wivu hauna haja ya ushahidi, na mimi kazi yangu ilikuwa ushahidi.

Kwa hiyo nikatega mtego wa kipolisi. Ukitaka kujua ni nani kati ya watu wako anatoa siri, unampa neno la uongo ambalo hakuna mwingine analo, kisha unakaa kungojea litokee wapi. Jumatano moja ya mwezi wa pili, mvua ikipiga bati kwa nguvu, nikainua lile pazia na kuketi mbele ya Mwajuma. Alishtuka kidogo, akafurahi, nami furaha yake ikaniudhi. Nikamwambia kwamba nimeiba simu. Kwamba mahabusu mmoja aliacha simu yake kwenye bahasha mezani kwangu, ile ndogo yenye tochi, nami nikaichukua na kuiuza. Nilisema kwa uso wa majuto. Nilijua kuandika, na sasa niligundua najua na kuigiza.

Hapa ni lazima niseme kitu ambacho sijawahi kukiandika, ingawa nimeandika maelfu ya kurasa za mambo ya watu. Nilikuwa na langu la kweli. Miezi mitano kabla ya omonie kufika, tulitumwa kuongeza nguvu kwenye soko la Kadutu. Watu walikuwa wamemkamata mwanamume mmoja wakisema ni mwizi. Sisi tulikuwa wanne, wao sijui mamia mangapi. Yule mtu alichomoka mikononi mwao akanikimbilia mimi, labda kwa sababu nilikuwa mwanamke, na akashika mkono wa koti langu kwa mkono wake wa kulia. Hakusema kitu. Watu walipiga kelele kwamba nimwache au tuchomwe pamoja. Nikavifungua vidole vyake, kimoja kimoja. Vilikuwa vitano tu, lakini vilichukua muda. Kisha nikakimbia, na nyuma yangu nikasikia walivyofunga duara. Hilo ndilo lililonikimbizia usingizi, na siku ile, mvua ikipiga bati, lilikuwa limefika kabisa kwenye meno. Mwajuma alisikiliza habari ya simu mpaka mwisho. "Mm," akasema. Akaniangalia muda mrefu. "Iko kingine, dada?" Nikasema hakuna. Akaniambia asante kwa kuja, nami nikarudi kwenye meza yangu na kuanza kungojea.

Nilingoja wiki tatu, na neno halikutoka. Nilikaa karibu na wanaokula, nikasimama kwenye foleni ya maji, nikasikiliza nyuma ya kila mlango, na simu yangu haikutajwa popote. Mtu mwenye akili timamu angefurahi. Mimi nilikasirika kama niliyetukanwa. Hata kunisengenya hakutaka! Basi nikalitoa mwenyewe. Nilimwambia mama muuza chai wa langoni, kwa sauti ya chini ili limnogee zaidi: "Banasema kuko polisi mwanamuke alikulaka telefone ya mufungwa. Banasema iyo neno ilitoka mu kile chumba cha kitenge." Siku mbili tu, Bagira nzima ilikuwa nalo. Kisha nikamwandikia komanda ripoti isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, kwamba siri za askari zinatoka kwenye chumba cha omonie, na mfano ni hii simu. Hata kwa mkono wa kushoto sikuweza kuziacha zile alama juu ya herufi.

Komanda hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu ya wakubwa wake. Alimwita Mwajuma ofisini kwake asubuhi ya Jumatatu ili asikilizwe, safari hii kwa maana yetu ya kipolisi, na kwa kuwa pe-ve inahitaji karani, karani nilikuwa mimi. Tulikaa watatu kwenye kile chumba kilichokuwa cha kulala, magoti yangu na ya Mwajuma karibu yagusane chini ya meza. "Maman Mwajuma," komanda akaanza, "sitaki kukuhangaisha. Nani alikuelezeaka ile habari ya telefone? Nataka jina tu." Nikaandika swali. Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi, ikingojea jina langu lenyewe. Mwajuma alikuwa na kila haki ya kunyoosha kidole, kwani nilikuwa mbali naye kwa urefu wa mkono. Nilijiandaa kukana. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyolia.

"Komanda, iyo siwezi kukuambia," alisema. "Unikamate tu."

"Basi uniambie kama hakuna mutu. Sema ni uongo, tumalize."

"Siwezi kusema kama ni kweli, siwezi kusema kama ni uongo. Kenye mutu anasema mule, hakiko changu."

"Unajua bantu batasema nini? Hapa biko banamuke babili. Kama si huyu," akaninyooshea kidole mimi, "batasema ni weye."

Sikuinua kichwa. Nilisikia Mwajuma akivuta pumzi. "Baseme," akajibu. Wakati wote huo hakunitazama hata mara moja, na nilikuja kuelewa baadaye kwamba hakunitazama makusudi, maana komanda alikuwa akiyafuata macho yake. Ilipofika mwisho nilimsomea maneno yake kwa sauti, kama sheria inavyotaka, na ile sentensi inayofunga kila pe-ve: amesomewa, anashikilia aliyoyasema, anasaini. Akasaini kwa herufi kubwa, J ikitazama kulia. Wiki iliyofuata akahamishwa, adhabu ya kukataa kujibu, mpaka kwenye posti ya machimbo huko Mwenga, ambako lori hufika likitaka. Aliondoka na birika lake na chupa ya chai. Kitenge alikiacha kwenye mlango. Aliniaga kama alivyowaaga wote, kwa kunishika mikono miwili, akasema, "Dada, ubakie muzuri."

Na mimi nikapata nilichokitaka. Pasta alikuja, akaangalia kile chumba, akaniangalia, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine, akanipa kiti. Nilikuja Jumatano ya kwanza na Biblia, na daftari ambalo nilikumbuka kulificha. Askari waliingia mmoja mmoja, kwa heshima kubwa, na kunidanganya. Mmoja alisema shida yake ni kukoroma. Mwingine alitubu kwamba alikula ndizi ya jirani akiwa mdogo. Walijua sasa kwamba chumba kinatoa maneno nje, wote walijua, ni mimi niliyewajulisha. Bisimwa aliingia mwisho, akakaa na kofia magotini, akatazama godoro lililosimama ukutani. "Maman, hii mwaka mvua iko mingi," akasema. Nikasema "mm", kama nilivyomsikia Mwajuma akisema. Akangoja kidogo, akasimama, akaaga. Baada ya mwezi mikono yake ilianza kutetemeka tena, na mwezi wa tano aliomba ruhusa ya siku nne, akarudi ametulia, akaomba nyingine. Niliandika barua hizo zote bila kuuliza anakwenda wapi. Kiangazi kilipoingia pasta alinitaka nimweleze watu wananiambia nini. Nikamwambia: habari za mvua. Alinyamaza kwa namna yake, na kwa mara ya kwanza sikuongeza neno. Chumba kikafungwa, madumu yakarudishwa.

Haya yote niliyapitia kichwani nikiwa na mkono kwenye sinia la pilau, na nilipotoka nje kunawa nikamkuta Bisimwa ameketi kwenye ngazi, mzee mwenye upara, amenyoa vizuri. Tulisalimiana kwa muda mrefu. Aliniambia alichokuwa akikifanya kwa zile ruhusa. "Nilikuwa nakwendaka kwake kule Mwenga," alisema. "Na lori, na miguu pahali lori inakwama. Siku mbili kwenda. Nakaa kwake saa moja, narudi. Na hata baadaye, aliporudia huku, mupaka mwezi jana. Maman, ule mwanamuke njo aliniokoa." Nilimsikiliza na wivu ule ule ukarudi. Miaka yote hiyo! Mtu akwame kwenye matope siku mbili kwa ajili ya saa moja na Mwajuma, na mimi kwa umri huu hakuna hata anayevuka barabara. Ndipo nikamuuliza nilichotaka kuuliza tangu asubuhi: kama Mwajuma aliwahi kumwambia ile simu ilikuwa habari ya nani.

Bisimwa akashangaa. "Ya nani namna gani? Si ilikuwa yake? Bote tulijua ni yeye njo alikulaka ile telefone, aibu ikamuzuia kusema. Sikumuulizaka hata siku moja. Mie nilimusamehea zamani."

Nilifurahi. Nitakuwa mnafiki nikiandika vinginevyo. Ilinijia furaha ndogo ya moto, hapo hapo kwenye ngazi za msiba: kumbe alikuwa na doa, kumbe hata huyu mtu wake alikuwa akimpenda kwa huruma, na ilinitosha kunyamaza tu ili doa libaki mahali pake milele, maana wa kulifuta alikuwa ameshafunikwa udongo. Watu walipanda na kushuka wakitupita. Vijana wale wenye bereti walikuwa wakimsifia ndani, nasikia sauti zao. Nilimtazama Bisimwa, uso wake umetulia, ameridhika na msamaha wake, na furaha yangu ikaniishia. Alikuwa amemsamehe kwa miaka yote hiyo, naye Mwajuma alikubali kusamehewa ili mimi nisiulizwe.

"Bisimwa," nikasema, "hakukuwaka telefone."

Akageuza upande wangu sikio lake ambalo bado linasikia.

"Hakukuwaka telefone yoyote. Ni mie nilitungaka. Na ripoti ni mie niliandikaka. Kenye nilipaswa kumuambia siku ile hakikuwa telefone, ilikuwa mukono ya mutu." Nikamsimulia, pale pale, kwa sauti ya kawaida: soko, koti, vidole vitano. Hakunikemea na hakunishika bega. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza akaniuliza yule mwanamume alikuwa anaitwa nani.

Nimeandika majina ya watu miaka thelathini. La kwake sikuwahi kuliuliza.